Herufi za Ukubwa wa Kiatu

Kwenye jukwaa letu la mtandaoni wananiita Mwalimu wa Zamu, na walioanza kuniita hivyo hawakuwa wakinisifu. Ilinichukua muda mrefu kulijua hilo. Mimi nilidhani ni heshima, nikaliweka jina lenyewe chini ya picha yangu na kulipamba kwa nyota.

Kazi yangu ni kupanga kurasa. Mtu akileta kitabu, kalenda, kadi ya mwaliko au mtihani wa shule, mimi ndiye ninayeyapanga maneno kwenye kompyuta yakae sawasawa, mistari isigongane, picha isikatwe kichwa, halafu fundi wa mashine anachapa. Duka letu ni chumba kirefu chenye mlango wa kioo mbele na mashine kule nyuma. Katikati tunakaa wawili, mimi na wifi yangu, meza zimegusana, kila mtu na skrini yake. Wifi ni dada wa mume wangu. Wenzangu wakilalamika kwamba mawifi zao huja nyumbani kupekua masufuria, mimi hunyamaza, kwa sababu wangu alinipekua akaona sina kazi, akanishika mkono, akanileta hapa na kunifundisha kuanzia kuwasha kompyuta. Kila ninachokijua katika kazi hii nimekitoa kwake, isipokuwa maringo. Maringo nilikuja nayo.

Yeye ndiye aliyenifundisha pia kwamba prufu, ile nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapwa, haisomwi na mtu mmoja. Mmoja anasoma kwa sauti karatasi ya mteja pamoja na alama zake zote, koma, nukta, aya mpya, na mwingine anafuata kwenye ukurasa uliopangwa akiwa na rula mkononi. Siku moja mteja alifungua mlango akatukuta katikati ya kazi hiyo, akavua kofia na kusimama kimya kwa adabu. Alidhani tunasali.

Sasa hilo jukwaa. Ni la wapanga kurasa, wachapaji na wachoraji wa mabango wa miji mbalimbali, watu ambao wengi wetu hatujaonana hata siku moja. Mmoja anauliza fonti fulani inapatikana wapi, mwingine anauliza kwa nini printa yake inatoa mistari myeusi, na mtu mwema anajibu. Msimamizi wa kwanza alipochoka aliuliza nani yuko tayari kumpokea. Nilijitokeza peke yangu, na hilo pekee lingetosha kunionya. Nilizikuta kanuni chache tu: usitukane, usitangaze biashara, tafuta kabla ya kuuliza. Nilipomaliza nazo zilikuwa zimejaza ukurasa. Usiandike kwa herufi kubwa tupu, huko ni kupiga kelele. Usitume picha za maua na salamu za asubuhi. Usifufue uzi wa mazungumzo ya mwaka juzi ili useme asante. Ukimshutumu mwenzako kwamba amevunja kanuni, ambatisha picha ya skrini iwe ushahidi. Na bandiko likishajibiwa halifutwi, hata na msimamizi, kwa sababu kuifuta kauli iliyojibiwa ni kumwacha mwenzako akiongea peke yake kama mwendawazimu. Hiyo ya mwisho niliipenda mno. Niliisoma tena na tena baada ya kuiandika, nikajiona nina busara.

Mume wangu alikuwa akishangaa. Watoto wetu wanakula huku vidole viko kwenye simu na sisemi neno, lakini mtu nisiyemjua, huko aliko, akiandika bila nukta, mimi chakula hakishuki.

Tuje kwenye skrini. Wifi yangu ana skrini nyeusi. Herufi zake ni za njano, nene, kubwa kiasi kwamba aya moja inatosha kujaza kioo chote. Mimi yangu ilikuwa nyeupe kama karatasi na herufi ndogo, zile zile atakazoziona msomaji. Kwa miaka tumetaniana kwa hilo. Namuuliza, "Wifi, hapo umewasha kompyuta au umefunika sufuria?" Naye ananijibu, "Na wewe hapo unapanga kurasa au unatafuta chawa?" Fundi wa mashine anacheka kule nyuma, siku inakwenda.

Halafu herufi zangu zikaanza kunitoroka. Kwanza zile za mviringo zilifanana, ikawa sijui ipi ni ipi. Kisha tanbihi chini ya ukurasa zikawa sisimizi waliojipanga mstari. Nikafanya anachofanya mtu mzima mwenye akili zake: nikailaumu taa. Taa ikabadilishwa. Nikalilaumu vumbi, nikakifuta kioo mpaka kikalia. Nikaenda kwa mwenye duka kulalamika kwamba skrini imechakaa, naye, maskini, akaninunulia mpya, na sisimizi wakaendelea kutembea humo humo, ila sasa walikuwa sisimizi wasafi. Nilipoishiwa vya kulaumu nikaanza kuilaumu skrini ya wifi. Nilisema weusi wake unanivuta macho.

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Wakati ule sikulisema hilo hata moyoni. Niliogopa kwamba kazi pekee ninayoijua inanifungia mlango taratibu, na kwamba mwenye duka atakapojua atanipa pole na mkono wa kwaheri. Mtu mwenye hofu angejifungia chumbani alie. Mimi nilikuwa na hofu na usimamizi wa jukwaa.

Nikafungua uzi nikauita "Adabu ya Skrini". Niliandika kwamba mpanga kurasa anayestahili kuitwa hivyo huutazama ukurasa kama atakavyouona msomaji, kwenye weupe, kwa ukubwa wake halisi. Niliandika kwamba anayehitaji herufi za ukubwa wa kiatu na giza la pango akatafute kazi ya kuchora mabango. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa imeshika kasi, nikaongeza: "Wapo hata miongoni mwa wale waliotufundisha kazi, na inasikitisha." Sikumtaja mtu. Pale dukani hapakuwa na haja ya kumtaja.

Jukwaa likawaka. Watu wa mwanga wakawavaa watu wa giza, watu wa giza wakaleta habari za madaktari wa macho ambao hakuna aliyewahi kuwasikia. Mmoja alidai skrini nyeusi imemponya kipandauso, mwingine kwamba skrini nyeusi ndiyo iliyovunja uchumba wake, na hakufafanua. Wachoraji wa mabango nao walikuja kwa pamoja kuuliza kazi yao imekosa nini. Mimi nilikuwa nimekaa katikati nikigawa maonyo kushoto na kulia, nimestarehe kama bibi harusi.

Wifi si mwandikaji. Huingia jukwaani kutafuta fonti, akaipata, akatoka. Siku ile alikuwa akipanga kichwa cha habari, kibodi yake imefungwa kwenye herufi kubwa, akaandika hivyo hivyo: "WIFI, HAYA UNGENIAMBIA HAPA MEZANI. NIPO KARIBU."

Nililiona kabla mtu yeyote hajalijibu, na kwa kuwa lilikuwa halijajibiwa, kanuni iliniruhusu kulifuta. Nikalifuta. Kisha nikamtumia ile taarifa yangu ya kawaida: "Bandiko lako limeondolewa kwa kuvunja kanuni ya herufi kubwa. Karibu ulirekebishe." Simu yake ililia pale pale mezani, nikaisikia. Aliisoma, akailaza kifudifudi, akaendelea na kazi. Karibu ulirekebishe. Namwandikia hivyo mtu aliyenionyesha kompyuta inawashwa wapi.

Akajitoa jukwaani. Dukani alinisalimu, aliniuliza kuhusu kazi, alinipa karatasi nilizozihitaji, lakini utani ukakatika kabisa. Prufu zake akawa anajisomea mwenyewe kwa kunong'ona, rula ikishuka mstari baada ya mstari. Zangu nikawa najisomea mimi, yaani nilikuwa nazitazama. Kisha fundi akaniletea habari kwamba mwenye duka anafungua tawi ng'ambo ya pili ya mji, anatafuta mtu wa kwenda kulianzisha, na wifi amesema atakwenda yeye, mwezi ukiisha.

"Hamjaambiana, mama?" fundi akauliza.

"Tumeambiana," nikasema.

Nyumbani mume wangu alijaribu. "Nyinyi ndio fahali," alisema, "na nyasi ni mimi. Mke huku, dada huku. Hebu kamwombe radhi yaishe."

"Hili ni suala la kanuni," nikamwambia.

"Haya. Siku ukiugua, kanuni ije ikuchotee maji."

Nilitaka abaki. Nilimtaka pale mezani kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, na si kwa ajili ya prufu peke yake. Duka bila utani wake lilikuwa chumba chenye mashine tu. Ila nilitaka kwanza akiri kwamba kanuni ilikuwa sahihi, ndipo nimbembeleze. Nilipanga niwe mkubwa wa kusamehe.

Siku moja mchana wifi alitoka kwenda kula. Mbele yangu palikuwa na mtihani wa shule wenye ramani, na majina ya mito yalikuwa madogo kiasi kwamba nilikuwa nayakisia. Niliangalia mlango, nikaangalia nyuma kwa fundi, nikahama nikakaa kwenye kiti cha wifi. Nikaufungua ule mtihani kwenye skrini yake. Jamani. Mito yote ilikuja yenyewe. Herufi zilisimama mbele yangu, moja moja, hazichezi, na macho yangu yaliyokuwa yamekaza kwa miezi yakalegea. Nililia kidogo, kisha nikakifuta kiti kana kwamba machozi yaliangukia huko.

Nikarudi kwangu nikaweka vile vile: nyeusi, njano, nene. Tangu hapo nikawa na maisha mawili. Nikiwa peke yangu, mambo yalikuwa makubwa na meusi. Mlango wa kioo ukikwaruza, nabonyeza vitufe, kila kitu kinarudi kuwa cheupe na kidogo, nami naukodolea macho ukurasa nisioweza kuusoma kwa uso wa mtu anayesoma. Fundi aliniuliza siku moja, "Mama, mbona kila nikipita hapa nakukuta unafikiri?" Nikamwambia kazi hii inataka fikra.

Na uzi sikuuacha. Hapo ndipo ninaposhindwa kujielewa mpaka leo. Niliendelea kuwatetea watu wa mwanga, kwa ukali ule ule, nikiwa nimekaa gizani.

Kisha akaja mchoraji wa mabango mmoja, mgeni jukwaani, akauliza swali moja la rangi kwenye nyuzi tatu tofauti. Ni kosa. Wifi alikuwa mezani kwake ananong'ona na rula yake, mgongo kanigeuzia, kwa hiyo skrini yangu nilikuwa nimeiacha gizani. Nikafuata utaratibu niliouweka mwenyewe: nikapiga picha ya skrini iwe ushahidi, nikachora duara jekundu, nikaandika, "Ndugu wageni, tujifunze kusoma kanuni kabla ya kuandika." Nikaituma bila kuitazama mara ya pili.

Jibu la kwanza lilikuja haraka. "Samahani, Mwalimu. Hii picha umeipiga kwenye skrini ya nani?"

Nikaitazama. Ilikuwa nyeusi tii. Herufi za njano zilikuwa kubwa hivi kwamba swali la yule mgeni lilifika "Naomba kuuliza" likagonga ukingo, na duara langu jekundu lilikuwa limezingira neno moja. Kishale cha mausi kilikuwa kinene kama kidole gumba. Na juu kabisa, kwa ukubwa ule ule, palisomeka kwamba aliyeingia ni Mwalimu wa Zamu, na nyota yake.

Kitufe cha kufuta kilikuwepo. Kidole changu kilishafika juu yake. Lakini bandiko lilikuwa limejibiwa, na kabla sijaamua mtu alikwisha kuinakili ile kanuni yangu tamu ya mwendawazimu na kuibandika chini ya picha, neno kwa neno. Kisha wakaja wote. "Kiatu namba ngapi, Mwalimu?" "Nyani haoni kundule." "Mama, huku kwenye mabango nafasi ipo, karibu sana." Yule mgeni naye akaona mlango uko wazi, akauliza swali lake kwa mara nyingine hapo hapo, na safari hii akajibiwa vizuri na kwa upendo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Nilikaa nikitazama simu inavyotikisika mezani.

Fundi akatokea nyuma anacheka, simu mkononi. Hakuniangalia mimi, alikwenda moja kwa moja kwa wifi. "Mama, hebu ona hii," akamwambia, akamwekea simu mbele.

Wifi aliitazama ile picha muda mrefu. Nilisubiri acheke. Ningemshukuru kama angecheka, kwa sababu kicheko chake ningejua pa kukiweka. Akamrudishia fundi simu yake. "Nenda kaangalie mashine," akasema. Fundi akaenda. Wifi akakizungusha kiti tukatazamana.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Wifi. Huoni vizuri tangu lini?"

Nilifikiria kuilaumu taa tena. "Kabla ya ule uzi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, polepole. "Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua nini?"

"Ulikuwa unajua mtu akikuza herufi anakuwa anatafuta nini. Ukakaa chini ukaandika vile."

Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa, na kwa upande mwingine nilikuwa nimejiandaa kuhurumiwa. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. "Nilikuwa naogopa," nikasema.

"Na mimi? Unadhani zile herufi niliziweka kwa urembo? Macho yangu ikifika mchana yanauma kama yametiwa mchanga. Daktari kanipa miwani, kanipa dawa, kaniambia nipunguze mwanga. Nikapunguza. Nikapata nafuu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza. Ulikuwa unanitania, na mimi nakutania, basi. Utani wako sikuwahi kuuchukia hata siku moja. Kule hukunitania."

"Nisamehe, wifi."

"Hapa tuko wawili," akasema. "Kule mlikuwa wangapi?"

Nikamjibu kwamba kanuni inakataza kupeleka mambo ya kifamilia jukwaani. Ndiyo, nilisema hivyo. Mdomo wangu ulifika kabla yangu.

Hakukasirika. Alinitazama kama mtu anayetazama mashine iliyokwisha kutengenezwa mara nyingi na bado inakwama pale pale. Kisha akavuta droo, akaanza kutoa vitu vyake na kuvitia mkobani: kikombe, kanga ya kujifunika kukiwa na baridi, kopo la kalamu. Mwezi ulikuwa haujaisha. Nikaelewa kwamba hatausubiri uishe.

"Ngoja," nikasema.

Nikafungua ule uzi. Nikauacha mweusi, na herufi nikaziacha na ukubwa wao. Mteja aliingia na karatasi za kutoa nakala, akasimama nyuma yangu, bila shaka akisoma kila kitu, maana hata mtu aliye ng'ambo ya barabara angeweza kusoma. Sikubonyeza vitufe. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Mimi ninayewaonya watu kwa aya nzima bila kuvuta pumzi, mistari hiyo michache ilinitoa jasho. Nilipomaliza, mkono ulikataa kutuma. Kwenye meza ile hakuna kitu kinachotoka kabla hakijasomwa na watu wawili.

"Nisomee," nikamwambia wifi.

"Jisomee. Si herufi hizo hapo, kubwa?"

"Prufu haisomwi na mtu mmoja."

Alisimama kidogo, mkoba ukiwa begani. Kisha akaja nyuma ya kiti changu, mteja akampisha, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya kazi, isiyopanda wala kushuka.

"Ndugu zangu wa jukwaa, koma, uzi huu niliuandika nikiwa mwenyewe sioni vizuri na naogopa kusema, nukta. Niliyemsema ni wifi yangu, koma, aliyenifundisha kazi hii yote, nukta. Alinijibu kwa adabu, koma, nikalifuta jibu lake kwa sababu lilikuwa la kweli, nukta. Aya mpya. Wifi, koma, kama nilikukosea, koma, nisamehe, nukta."

Akafika mwisho. Kule nyuma mashine ilikuwa imezimwa, na najua fundi alikuwa amesimama karibu nayo anasikiliza.

"Kuna neno limezidi," wifi akasema.

Nikatafuta. Nilipita mstari kwa mstari, na herufi zote hizo kubwa, sikuliona.

"Lipi?"

Akainama, akaweka kidole kwenye kioo. "Hili hapa. Kama."

Nikalifuta. Wifi akashusha mkoba begani, akauweka chini, akasoma upya kutoka mwanzo.